Kiraka Kilichogoma Dirisha la Nne

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwanzie habari mwanzoni. Hakuwa na subira ya mwanzo hata chembe. Mkewe alishamzoea, na jioni akiwa na jambo la kumweleza hakuhangaika na nani alikutana na nani, wapi, wakaambiana nini. Alianzia mwisho. "Shemeji yako amehama. Nawa mikono, chakula tayari." Fundi ananawa, anakula, ameridhika kabisa. Siku mbili baadaye ndipo anapokumbuka kuuliza shemeji amehamia wapi na kisa nini, na mkewe anamjibu huku akikunja nguo, "Hayo yalikuwa mwanzoni, baba watoto, na wewe mwanzo huutaki."

Vitabu alisoma kurasa mbili za nyuma akavirudisha kabatini. Filamu alizisogeza mbele mpaka muuaji ajulikane, kwa hiyo watoto wake wawili waliacha kitambo kuangalia naye chochote. Barua za shuleni alitazama chini tu, penye tarehe na sahihi, na ndiyo maana mwaka fulani alihudhuria kikao cha wazazi wa darasa la sita ilhali hakuwa na mtoto darasa la sita. Alikaa mpaka kikafungwa. Hata alichangia mawili matatu.

Mtu wa namna hii ungedhani kazini angefukuzwa mapema. La hasha. Kazini tabia hiyo ndiyo iliyompa jina.

Ofisi yao ilikuwa ya kuandikisha vizazi na vifo. Ilikuwa na madirisha manne ya kuhudumia watu, kompyuta tisa, Mkuu mmoja, mlinzi mmoja, dada wa usafi mmoja, na Fundi. Fundi alipewa chumba kilichokuwa cha mafagio. Mafagio yalihamishwa, harufu ya sabuni ikabaki, na kila aliyeingia mle kuomba msaada alitoka akinukia kama amedekiwa. Humo ndimo Fundi alimokaa na bisibisi zake, nyaya zake na kiti kimoja chenye mguu mfupi, akingoja kompyuta iharibike.

Sasa, programu yoyote inapojaribu kuingia kwenye kompyuta, huandika kila inachokifanya, mstari kwa mstari, na saa pembeni. Nimefika. Nimefungua folda. Nimenakili faili la kwanza. Nimenakili la pili. Nimekwama. Mafundi huliita andiko hilo faili la kumbukumbu, na laweza kuwa na mistari elfu moja, elfu mbili. Fundi alikuwa akisoma mmoja. Alishuka moja kwa moja mpaka chini kabisa, akasoma pale programu ilipokata roho, akagonga meza kwa ukucha, akatoa hukumu: "Nafasi imejaa." "Neno la siri limepitwa na wakati." "Waya." Na tusimwonee, mara nyingi alipatia. Wenzake walimpachika jina la Mstari wa Mwisho. Walimwita hivyo kwa kumcheka, yeye akalipokea kama nishani.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa sita kamili mchana, makao makuu yalituma kiraka. Kiraka ni kipande kidogo cha programu kinachoziba matundu ya programu kubwa, kama cha suruali, ila cha suruali fundi wake huwa ameliona tundu kwanza. Saa hiyo ilichaguliwa kwa sababu madirisha hufungwa kuanzia saa sita hadi saa saba ili watu wale. Makarani waliziacha kompyuta zao, kiraka kikaingia chenyewe, wakirudi wanakuta kazi imekwisha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta nane. Ya tisa, ya dirisha la nne, ikagoma. Ilikuwa kuukuu kuliko zote, imeletwa kutoka ofisi nyingine iliyokuwa imeichoka, na ikiwashwa asubuhi ilinguruma kwanza kama inayojiuliza kama ina haja. Ubaya ni kwamba kiraka hicho ndicho kilichobeba fomu mpya ya cheti cha kuzaliwa, na dirisha la nne ndilo la vizazi. Bila kiraka, dirisha la nne liliweza kumwandikisha mtoto lakini cheti halitoi. Wazazi wakawa wanaandikishwa pale kisha wanahamia dirisha la tatu kuchapiwa, foleni ikatoka mlangoni ikafika barabarani, na watoto wachanga wakalia kwa zamu. Mkuu, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya mlango, alivisikia vilio vyote hivyo na akataka kujua ni nani wa kulaumiwa.

Fundi akalifungua faili la kumbukumbu. Akashuka chini kabisa. Mstari wa mwisho ulisema: Zoezi limesitishwa. Amri imetolewa kwenye mashine hii.

Kwenye mashine hii. Na ni nani anayeketi kwenye mashine hii? Fundi hakuhitaji mstari wa pili. Akaandika taarifa: "Sababu: karani wa dirisha la nne alisitisha zoezi. Ushauri: aache kubonyeza."

Karani wa dirisha la nne alikuwa mama wa miaka hamsini na sita, na ofisi nzima ilimwita Mama Vizazi. Alikuwa ameandikisha watoto kwa miaka ishirini na saba. Njiani alisimamishwa na vijana wenye ndevu, akawauliza mama zao hawajambo, na kama unataka kujua ulizaliwa saa ngapi, alikuwa anakumbuka kuliko aliyekuzaa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba. Kwenye droo ya juu aliweka mihuri, kwenye ya chini dawa yake ya kuvuta, maana alikuwa na pumu, na vumbi kidogo tu lilimfanya apumue kwa sauti ya filimbi.

"Mwanangu, mimi sikugusa kitu," alimwambia Fundi mwezi ule wa kwanza.

"Mama, mashine haisemi uongo," Fundi akamjibu, kwa tabasamu lile la daktari anayekwambia uvimbe ni wa kawaida.

Mwezi wa pili kiraka kikaja tena saa sita, kompyuta nane zikakimeza kwa dakika kumi na nane, ya Mama Vizazi ikagoma. Mstari wa mwisho ulikuwa uleule. Fundi aliinakili taarifa ya mwezi uliopita akabadilisha tarehe. Safari hii Mama Vizazi alisema tu, "Labda." Mwezi wa tatu ikawa vilevile, tarehe ikabadilishwa tena, na Mama Vizazi hakusema neno. Fundi alimweleza mkewe kwamba mama wa watu hatimaye amekiri.

"Amekiri amesemaje?" mkewe akauliza.

"Amenyamaza."

"Basi mimi nimekiri mambo mengi sana humu ndani," mkewe akasema, akaenda kuzima jiko.

Jumatano, siku ya pili yake, Mkuu akaandika barua. Kwa kuwa karani wa dirisha la nne ameonywa kwa taarifa tatu za kitaalamu na hakubadilika, kuanzia Jumatatu atahamishiwa chumba cha majalada, na nakala ya barua itapelekwa makao makuu Ijumaa saa kumi jioni. Chumba cha majalada kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, na majalada ya miaka sitini yalilala humo yakifuka vumbi kila yalipoguswa. Watu wenye mapafu mazima walishuka mle kwa robo saa wakapanda wakipiga chafya. Kumpeleka mle mtu wa pumu ilikuwa sawa na kumwambia aache kazi kwa njia ya adabu. Kila mtu ofisini alilijua hilo, Mkuu pia, ila Mkuu alikuwa na foleni barabarani na taarifa tatu mezani, na taarifa haziugui pumu.

Fundi alipoisikia habari hiyo moyo ulimchoma kidogo. Kidogo tu. Alijiambia kwamba yeye hakumhamisha mtu, yeye alisoma tu kilichoandikwa.

Alhamisi saa tisa alasiri, madirisha yalipofungwa, mlango wa chumba cha mafagio uligongwa.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Vizazi alikuwa amebeba kiti chake mwenyewe. Alikiweka kando ya meza, akaketi, akavaa miwani. "Nimekuja kusomewa."

"Kusomewa nini?"

"Hiyo karatasi inayonisema. Ile ya mashine. Mtu akija dirishani kwangu akasema jina lake limekosewa, simwambii mstari wa mwisho. Namfungulia kitabu, namsomea yote, tunatafuta kosa limeanzia wapi. Nawe nisomee. Toka mwanzo."

Fundi alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. "Mama, ni mistari elfu moja mia moja na sita. Na si Kiswahili."

"Utafasiri. Nina muda mpaka Jumatatu."

Hapo ndipo Fundi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alipolazimika kusogea mpaka juu kabisa ya faili la kumbukumbu. Hata hakuwa na uhakika kulikuwa na nini huko. Akakohoa, akaanza.

"Mstari wa kwanza. Saa sita na sekunde tatu. Kiraka kimefika. Mstari wa pili. Kimeangalia aina ya mashine. Mstari wa tatu. Kimeangalia nafasi. Wa nne. Nafasi inatosha."

"Inatosha," Mama Vizazi akarudia, kama anayelipiga muhuri. "Endelea."

Dada wa usafi alipita na ndoo, akasikia, akasimama mlangoni. Mlinzi akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa Fundi anasoma, akastaajabu, akaegemea ukuta. Karani wa dirisha la pili, ambaye kwa sababu ya kazi yake aliitwa Bwana Vifo na alikuwa mtu mcheshi kuliko wote pale ofisini, alikuja na chai yake akaketi juu ya sanduku la karatasi. Fundi akawa anasoma mbele ya mkutano.

"Faili la mia na nane limenakiliwa. Faili la mia na tisa limenakiliwa. Faili la mia na kumi na mbili..."

"Umeruka."

"Nimeruka nini, mama?"

"Mia na kumi, na mia na kumi na moja. Nimehesabu watu miaka ishirini na saba, nitashindwa na mafaili?"

Akarudi nyuma. Mlinzi akasinzia wima, jambo alilolizoea kikazi. Chai ya Bwana Vifo ikaisha, akaleta nyingine. Sauti ya Fundi ikakwaruza. Lakini kadiri alivyosoma alianza kuona kitu ambacho hakukipenda. Ilipofika saa sita na dakika kumi na nane, wakati kompyuta nyingine zote zilikuwa zimemaliza, hii kuukuu ilikuwa haijafika hata nusu. Ila haikuwa imegoma. Ilikuwa inanakili faili moja baada ya jingine, polepole, bila kosa hata moja, kama mzee anayepanda ngazi na kupumzika kila kipandio. Fundi hakuwahi kujua. Mstari wa mwisho haukuwa na habari hiyo.

"Faili la mia tatu na thelathini na tisa limenakiliwa," akasoma. "Faili la mia tatu na arobaini..." Akainama karibu na kioo.

"Limefanya nini?"

"Halikumalizika. Ni hapa ndipo zoezi liliposimamishwa. Saa sita na nusu."

"Saa sita na dakika thelathini na sekunde ngapi?"

Fundi akatazama. "Sufuri sufuri."

"Fungua la mwezi uliopita. Usinisomee lote, nisomee hapohapo."

Akafungua. "Saa sita na dakika thelathini. Sekunde... sufuri sufuri."

"Na la mwezi juzi?"

"Sufuri sufuri, mama."

Mama Vizazi akavua miwani. "Mwanangu, mimi magoti haya kuinuka kitini tu hunichukua nusu dakika. Nimeinukaje miezi mitatu kwa sekunde sufuri?"

Bwana Vifo akapiga paja. Mlinzi akazinduka, akauliza ni nani ameshinda. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna kidole cha binadamu kinachobonyeza kitufe kwa sekunde ileile miezi mitatu mfululizo, na kwamba alipaswa kuliona hilo siku ya kwanza, na kwamba mtoto yeyote wa chuo angeliona. Kulikuwa na faili jingine la kumbukumbu. La kwanza lilikuwa la kiraka, hili la mashine yenyewe, ambalo huandika kila amri na aliyeitoa. Hakuwa amelifungua kwa sababu hakuona haja. Sasa akalifungua, akaitafuta saa sita na nusu, na kwa kuwa alikwisha kuzoea kusoma kwa sauti, mdomo wake ukatangulia mbele ya akili.

"Saa sita na nusu kamili. Amri ya kila siku. Funga programu zote zilizo wazi. Aliyeweka amri..."

Akalisoma jina tena, kimoyomoyo. Katika kile chumba ilisikika ndoo ya dada wa usafi ikidondosha maji.

Angeweza kusema umeme. Pale ofisini kila jambo lisiloeleweka lilikuwa umeme, na hakuna ambaye angebisha. Neno lilimfika hata kwenye ulimi.

"Aliyeweka amri nani?" Mama Vizazi akauliza.

"Mimi," Fundi akasema. "Imeandikwa jina langu."

Ilikuwa ni kazi aliyoifanya miaka miwili nyuma, tena kwa fahari. Wakati ule Bwana Vifo alikuwa na desturi ya kucheza karata kwenye kompyuta mchana na kuziacha wazi, mashine inachemka mpaka jioni. Fundi akaweka amri kwenye kompyuta zote tisa: kila siku saa sita na nusu, chochote kilicho wazi kifungwe, mashine ipumzike. Mkuu alimpa barua ya pongezi. Kisha Fundi, kwa kuwa jambo lilishafika mwisho, alilisahau. Viraka vya zamani vilikuwa vidogo na kompyuta zote zilivimaliza kabla ya saa hiyo; hivi vya fomu mpya vilikuwa vikubwa, na nyepesi tu ndizo zilizowahi. Ile kuukuu ilihitaji dakika arobaini na moja, na kila mwezi katikati ya kazi yake njema alikuja Fundi wa miaka miwili iliyopita akaikaba koo.

"Kumbe ni karata zangu!" Bwana Vifo akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona haya.

Mama Vizazi hakumcheka mtu. Alikuwa amemkazia Fundi macho. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

"Una hakika si mimi?"

"Nina hakika."

"Hata mwezi wa tatu? Hata huo si mimi?"

"Mama, nimeshakwambia si wewe," Fundi akasema, akiudhika kidogo, maana alidhani anasuguliwa chumvi kwenye kidonda. Mama Vizazi akabeba kiti chake akatoka.

Ijumaa asubuhi Fundi alikwenda kwa Mkuu akaeleza kila kitu, na kwa sababu ya wasiwasi alianzia mwanzo, kwenye karata. Mkuu alimsikiliza akichezea kalamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka.

"Sawa," akasema. "Andika taarifa mpya. Hitilafu ya kiufundi. Zile tatu zitoe kwenye jalada, uzitupe. Hakuna haja ya majina."

Lilikuwa shauri zuri. Lilimwokoa Mama Vizazi, lilimwokoa Fundi, na kwa mtu anayelitazama kwa mbali lilikuwa hata kweli. Fundi aliinuka kwenda kulitekeleza. Lakini ukutani kwa Mkuu, kama kwenye kila chumba cha ofisi ile, kulikuwa na tangazo la kanuni ya vitabu vya uandikishaji, nalo lilisema kosa halifutwi. Hupigwa mstari mmoja, lililo sahihi huandikwa pembeni, na aliyekosea hutia saini. Fundi alilipita tangazo hilo kila siku kwa miaka tisa. Alilisoma lote, akarudi kuketi.

"Hapana, Mkuu. Naomba kalamu nyekundu."

Akazipiga taarifa zake tatu mstari mmoja mmoja, akaandika pembeni "Si karani. Ni amri niliyoweka mimi," akasaini mara tatu. Mkuu alizitazama, akamtazama yeye, akasema hajawahi kuona mtu akijishtaki kwa mwandiko mzuri hivyo.

"Haya. Lakini makao makuu watataka kiraka, si hadithi. Kijaribu leo mchana. Kikiingia, barua naichana. Kisipoingia, nitawaambia nini? Saa kumi inaondoka, na Jumatatu mama wa watu anashuka chini."

Saa sita kamili Fundi na Mama Vizazi waliketi mbele ya kompyuta kuukuu, dirisha la nne likiwa limefungwa. Fundi alikuwa ameitoa ile amri yake. Akakianzisha kiraka kwa mkono. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikaanza kunakili faili la kwanza, na Fundi, mtu asiyeweza kuketi na filamu dakika tano, akaketi kuangalia namba zikipanda moja moja. Nje ya kioo cha dirisha watu waliokataa kwenda kula walikuwa wameshapanga foleni.

Robo saa ikapita. Dakika ishirini. Fundi alikuwa akitokwa jasho kifuani, maana iliwezekana kabisa kwamba kulikuwa na kosa jingine mbele, baada ya faili la mia tatu na arobaini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Aligeuka kumwambia Mama Vizazi asiwe na wasiwasi, ndipo alipoona jinsi alivyoketi. Alikuwa amejiegemeza mbele, mabega yamepanda, na mikono yote miwili ameikalia.

"Mama, mbona umekalia mikono?"

"Ndivyo nilivyokaa mwezi wa tatu," Mama Vizazi akasema, macho kwenye kioo. "Siku ile sikwenda kula. Nilikaa hapa, nikaikalia, nikasema leo nitajua. Saa sita na nusu ikafunga mbele ya macho yangu."

"Sasa kama ulikuwa umeikalia, si ulijua si wewe?"

"Ulikuja na karatasi yako ukasema ni mimi. Nikajiuliza, je, kweli niliikalia? Au nilibonyeza kwanza nikasahau, halafu nikaikalia? Mama yangu alianza hivihivi. Aliacha jiko likiwaka akaapa kwamba hakuliwasha. Mwisho hakunijua jina." Akavuta pumzi, na filimbi ndogo ikasikika kifuani. "Nimekwenda hospitali mara mbili kupimwa kichwa. Wanangu hawajui. Jana sikuja kukushinda, mwanangu. Nilikuja kujua kama bado nina akili zangu."

Fundi aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake. Alikumbuka lile "Labda" la mwezi wa pili na ule ukimya wa mwezi wa tatu, alioupeleka nyumbani kama ushindi, na machozi yakamlenga. Akaangalia mashine kwa sababu hakuweza kumwangalia yeye.

Saa sita na nusu ikafika. Ikapita. Faili la mia tatu na arobaini likanakiliwa kama mengine. Likafuata la mia tatu na arobaini na moja. Wote wawili hawakutikisika mpaka ilipofika dakika ya arobaini na moja na kioo kikaandika kwa herufi ndogo tu, bila shangwe yoyote, kwamba zoezi limekamilika.

Mama Vizazi akaitoa mikono yake. Ilikuwa na alama nyekundu za kitambaa cha kiti. Akaiweka mezani mbele yake, akaitazama kama watu wawili aliowasingizia wizi kumbe hawakuiba, akawa anaipapasa taratibu, wa kulia kwa wa kushoto, na midomo inacheza.

"Nisamehe, mama," Fundi akasema.

"Wewe nilishakusamehe jana," akajibu bila kuinua uso. "Hapa naiomba radhi hii."

Alipomaliza alivaa miwani, akatoa mihuri, akafungua dirisha dakika kumi na tisa kabla ya saa. Nje alisimama baba mmoja kijana mwenye fomu iliyokunjwa mara nne, na Mama Vizazi akanyoosha mkono kuipokea.